Changanya Maua, Usichanganye Matunda

Mkulima wa kata ya Ramadhani pale Njombe Mjini, au wa Makambako, akifika kitaluni huuliza swali moja tu: "Hii ni Hass kweli?" Swali ni la haki, maana mnunuzi wa nje anataka Hass. Ila likiishia hapo, shamba zima huwa la mti mmoja. Kila mche halisi wa Hass duniani asili yake ni vikonyo vya mparachichi mmoja uliokuwa La Habra Heights, California, kwa Rudolph Hass, mgawa barua aliyeupatia hataza mwaka 1935. Mti wenyewe ulikufa mwaka 2002, lakini vikonyo vyake vimejaa mpaka kwenye milima yetu.

Kwa asili yake parachichi halifanani hivyo. Otesha makokwa ya mti mmoja wa kienyeji uone: huu utazaa tunda la mviringo, ule refu lenye shingo, huu ganda jembamba la kijani, ule ganda gumu lenye vipele, mwingine ukifikicha majani yake yananukia shamari. Wapo wanaosema mbegu ya kienyeji imeharibika. Haijaharibika, ndivyo ilivyo. Mkulima anachotakiwa kujua ni wapi aizuie tofauti hiyo na wapi aikaribishe. Kwenye tunda la kuuza, izuie kwa kubebesha, yaani kuunga kikonyo kwenye shina la mti mwingine. Kwenye maua na kwenye mizizi, ikaribishe.

Maua kwanza, maana ndiko mavuno mengi yanakopotelea. Mti mkubwa unaweza kutoa maua hadi milioni moja, na yanayofika kuwa tunda ni chini ya moja kwa mia. Kila ua lina sehemu ya kike na ya kiume, ila hazifanyi kazi pamoja. Ua hufunguka mara mbili katika siku mbili: mara ya kwanza jike, mara ya pili dume. Hapo ndipo miparachichi hugawanyika makundi mawili. Kundi A, ambamo Hass imo, hufungua ua jike asubuhi, hulifunga karibu na adhuhuri, na kesho yake mchana hulifungua tena likiwa dume. Kundi B, la akina Fuerte, Bacon na Ettinger, huanza na jike mchana, kisha dume kesho yake asubuhi. Kwa hiyo asubuhi Hass inahitaji chavua na Fuerte inayo. Mchana zinabadilishana zamu.

Mti usioujua kundi lake, usitegemee kibandiko cha kitalu. Subiri siku ya jua wakati wa maua, nenda saa 3 asubuhi, chukua ua lililofunguka ulitazame kwa karibu. Kijiti cha katikati kikiwa kimesimama peke yake, ncha nyeupe, na vile vijiti tisa vya kiume vimelala pembeni, hilo ni jike. Vijiti vya kiume vikiwa vimesimama na unga wa njano umeachia, hilo ni dume. Mti wenye majike asubuhi ni wa kundi A. Wenye madume asubuhi ni B. Rudi saa 9 alasiri uhakikishe. Ile miti ya kienyeji iliyo mpakani mwa shamba ipime hivihivi kabla hujaikata kwa kuona haina soko. Huenda mmojawapo ni B na umekuwa ukikupa chavua bure miaka yote.

Nisisitize siku ya jua, kwa sababu baridi huvuruga ratiba hii. Maua huchelewa kufunguka, zamu zinaingiliana, na Hass inaweza kupata chavua kutoka kwa Hass. Ndiyo maana jirani wa Njombe mwenye Hass tupu atakwambia anavuna vizuri, wala hasemi uongo. Makambako iko chini kidogo na ina joto zaidi. Kule ratiba hufuatwa kwa ukali zaidi, na mimi nisingepanda Hass peke yake. Fuerte nayo ina udhaifu wake: zamu yake ya jike ni ya mchana, kwa hiyo baridi ikiisukuma mbele, giza linaingia nyuki hawapo. Iweke kwenye mteremko unaopata jua. Usiiweke chini karibu na vinyungu, zile bustani za bondeni, ambako hewa baridi hutuama usiku. Ukiona mti umebeba vijitunda virefu vyembamba visivyo na kokwa, ujue maua hayo hayakurutubishwa vizuri, au mbegu ilikufa ikiwa changa.

Idadi si kubwa. Katika kila mstari wa tatu, weka B kwenye kila shimo la tatu. Utapata mmoja kwa kila tisa. Ukipanda mita 7 kwa 7, ekari inachukua miti kama 80, basi Fuerte tisa zinatosha. Shamba likiwa limeshapandwa, using'oe kitu: bebesha kikonyo cha Fuerte kwenye tawi moja la Hass, ulifunge utepe ili mpogoaji asilikate. Kisha weka mizinga. Nyuki hawalipendi sana ua la parachichi wakipata lenye utamu zaidi jirani, kwa hiyo ilete karibu maua yanapoanza kufunguka, na dawa za wadudu zisipulizwe wakati huo.

Je, Hass itabadilika ikipata chavua ya Fuerte? Hapana. Nyama na ganda ni vya mti mama; mchanganyiko uko ndani ya kokwa tu. Hatari iko kwenye kapu la mvunaji. Fuerte hubaki ya kijani hata ikiiva, na ganda lake ni jembamba. Paka chokaa mashina yote ya B, na matunda yake uyavune siku yake, uyauze kwa bei yake.

Mizizi ndiyo sehemu tunayoipuuza. Shina la kubebeshea hutokana na kokwa, na kila kokwa ni mtu wa peke yake. Chukua makokwa kwa miti ya kienyeji yenye afya ambayo imestahimili baridi na udongo wa kwako, na uyatoe kwenye tunda ulilochuma mtini, lisiwe lililookotwa chini. Yaloweke kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 30 kupunguza vimelea vya kuozesha mizizi, na pima kwa kipimajoto, maana maji ya moto zaidi yanaua mbegu. Panda mengi kuliko mahitaji yako. Mche uliodumaa au kupinda, utupe bila huruma. Inayobaki ikifikia unene wa penseli, ibebeshe juu kidogo, sentimita 20 au zaidi toka udongoni. Baada ya kupanda, chipukizi lolote linalotokea chini ya kovu la kubebesha ling'oe lingali changa: hilo ni la shina la kienyeji, na ukiliachia litaipita Hass yako mbio.