Laptopu ya Kikundi Imezeeka Wapi?

Somo letu la leo linahusu laptopu kuukuu, ile ambayo kikundi kilipewa au kilinunua ikiwa imeshatumika, na sasa imekuwa nzito kama ng'ombe mgonjwa. Mkimaliza somo hili mtaweza kujua ugonjwa wake uko wapi, dawa yake ni gani, na fundi afanye nini mbele ya macho yenu.

Tuanze na kisa. Huenda hata ni chenu.

Ni siku ya mkutano. Wanachama wameketi chini ya mwembe na katibu amewasha laptopu. Mwenyekiti anafungua mkutano, yatokanayo yanajadiliwa na kwisha, na faili la mikopo bado halijafunguka. Mama mmoja anataka kujua salio la mkopo wake, maana mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Anaambiwa, "Ngoja kidogo." Mkutano unaofuata anaambiwa vivyo hivyo. Sasa watu wa nyuma wanaanza kunong'ona kwamba si mashine iliyo na shida, ni hesabu zinafichwa.

Mweka hazina aliposikia hayo alitaka watoe pesa za akiba wanunue laptopu mpya. Lakini kwanza aliipeleka ile ya zamani kwa fundi pale sokoni.

"Mama, hii mashine imezeeka tu," fundi alisema. "Nitakutafutia ingine."

"Imezeeka wapi, kijana wangu?"

Fundi akanyamaza kidogo, kisha akachukua bisibisi.

Swali la mama huyo ndilo somo letu. Mashine haizeeki yote kwa pamoja. Mara nyingi ni sehemu moja au mbili zilizochoka, na sehemu hizo zinabadilishwa kwa bei ndogo kuliko laptopu mpya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MEZA NA GHALA

Fikirieni mama anayechambua maharagwe. Ana meza mbele yake, na ghala liko nyuma ya nyumba. Maharagwe yote hukaa ghalani, lakini kazi hufanyika mezani. Meza ikiwa ndogo, anachukua kidogo, anachambua, anarudisha, anakwenda tena. Ghala likiwa mbali, siku inamwishia njiani.

Katika laptopu, meza ni kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM. Ukizima mashine, meza hiyo inakuwa tupu. Ghala ni diski, mahali faili zenu zinapolala hata stima ikipotea. Ukubwa wa vyote viwili hupimwa kwa gigabaiti, na huandikwa GB.

Laptopu nyingi za zamani zina diski ya kuzunguka. Ndani yake mna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na mkono mdogo unaokwenda huku na huku kutafuta kilichoandikwa. Mkono huo hauwezi kutafuta mahali papya zaidi ya mara 100 hivi kwa sekunde moja. Hiyo inaonekana nyingi, lakini kuwasha mashine tu kunahitaji vipande maelfu vya hapa na pale.

Diski mpya, iitwayo SSD, haina kitu kinachozunguka. Ni ya umeme mtupu, na inaweza kutafuta makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Ndiyo maana laptopu iliyokuwa ikichukua dakika tatu kuwaka huweza kuwaka kwa nusu dakika. Kuna faida ingine kwetu sisi wa mashambani: mitikisiko ya matatu na bodaboda huumiza ile diski ya kuzunguka, hasa ikibebwa kabla haijazimika kabisa. SSD huvumilia mitikisiko vizuri zaidi.

Sasa sikilizeni hapa. RAM ikijaa, mashine haisimami. Huchukua vitu vilivyo mezani na kuvipeleka ghalani kwa muda, kisha kuvirudisha vikihitajika. Kama diski nayo ni ya kuzunguka, taabu mbili zinakutana. Hapo ndipo katibu anabonyeza na mashine inamkodolea macho.

PIMENI KABLA YA KUNUNUA

Kipimo hiki ni cha Windows 10, na hakina gharama.

1. Washeni mashine, mngoje dakika kumi itulie.

2. Fungueni programu mnazotumia siku ya mkutano, kwa mfano faili la hesabu na barua mbili tatu.

3. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Programu ya Task Manager itafunguka. Tazameni asilimia ya diski, ya kumbukumbu na ya prosesa.

4. Andikeni namba hizo kwenye karatasi kila baada ya dakika mbili, mara tano.

Kisha someni karatasi yenu hivi:

- Diski iko karibu na asilimia 100 kila mara, na kumbukumbu ina nafasi: wekeni SSD.

- Kumbukumbu imepita asilimia 85 kila mara: ongezeni RAM.

- Zote mbili ziko juu: mnahitaji zote mbili. Pesa zikitosha kitu kimoja tu, anzeni na SSD, kwa maana hata meza ikifurika, ghala lililo karibu linapunguza safari.

- Zote mbili ziko chini lakini prosesa iko juu: msinunue chochote kwanza. Huenda kuna virusi, au feni imejaa vumbi na mashine inachemka.

Tena tegeni sikio. Diski ikitoa sauti ya ka-ka-ka, inakufa. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo inaweza kuwaonyesha afya yake. Ikisema ni mbaya, tolewa nakala za faili leo, si Jumapili ijayo.

NENO MOJA KABLA YA BISIBISI

Faili za kikundi ni mali kuliko laptopu yenyewe. Laptopu inaweza kununuliwa. Hesabu za miaka minne hazinunuliwi popote. Kwa hivyo, kabla fundi hajagusa kitu, nakilini faili zote kwenye flashi mbili. Moja ikae na mweka hazina, ingine na mwenyekiti. Zifungueni katika kompyuta ingine, hata kama ni pale saiba, mhakikishe zinasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu. Ukimaliza kwenye saiba, hakikisha hujaacha faili lolote nyuma.

Na kile kitabu cha hesabu cha karatasi msikiache. Kiendelee kuandikwa.

KUNUNUA BILA KUDANGANYWA

Vipuri vya laptopu haviingiliani ovyo. Tuchukue mfano wa HP EliteBook 840 G1, aina iliyotoka mwaka 2013 na ambayo imeuzwa sana hapa kwetu ikiwa imetumika. Ina nafasi mbili za RAM, na hutumia RAM ya aina ya DDR3L, mpaka GB 16 kwa jumla. Ukiiletea RAM ya DDR4 haitaingia, kwa sababu pengo lake liko mahali tofauti. Usiisukume kwa nguvu. Diski yake ni ya inchi 2.5, ya aina ya SATA.

Kwenu huenda ni aina ingine. Njia salama ni kwenda dukani na kipande cha zamani mkononi, kama mnavyobeba bolti kuukuu ya posho mill mkienda kutafuta nyingine. Task Manager pia huonyesha nafasi za RAM ni ngapi na zilizotumika ni ngapi. Ikiwa ni moja kati ya mbili, mnaongeza tu kipande cha pili. Kwa kazi za hesabu na barua, GB 8 zinatosha. Kwa diski, SSD ya GB 240 au 256 inatosha kikundi, mradi isiwe ndogo kuliko vitu mlivyo navyo.

Ulizeni bei katika maduka matatu. Chukueni risiti iliyoandikwa aina, ukubwa na muda wa garantii. Jihadharini na SSD inayouzwa kwa bei ya kutupa na kuandikwa ukubwa wa ajabu. Kuna za bandia zinazojionyesha kubwa, kumbe ndani ni ndogo. Ukizijaza, faili zinapotea. Programu ya bure iitwayo H2testw hujaza diski tupu na kuisoma tena, na uongo wake unajitokeza. Ipimeni hivyo kabla hamjaweka faili lolote, garantii ikiwa bado mbichi.

SIKU YA KAZI

Wanachama wawili waende na laptopu kwa fundi na wakae hapo mpaka mwisho. Si kwamba fundi ni mwizi. Ni kwamba mali ya wengi hulindwa na wengi. Kabla ya kuanza, piga picha ya RAM na diski zilizomo, namba zake zionekane.

Kazi yenyewe ni hii:

1. Mashine izimwe kabisa, chaja itolewe, na betri itolewe au ichomolewe.

2. Fundi aguse chuma kwanza ili kuondoa umeme mdogo ulio mwilini. Umeme huo hatuusikii, lakini unaweza kuua RAM.

3. Mfuniko wa chini ufunguliwe. Skrubu ziwekwe kwenye kifuniko cha chupa zisipotee.

4. RAM huingizwa kwa kulaza kidogo, kisha kubonyezwa chini mpaka vishikizo vya pembeni vilie "tak".

5. Diski ya zamani itolewe, SSD iingie mahali pake.

Kuhusu yaliyomo, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kunakili diski nzima ya zamani kwenda kwenye mpya, kwa waya maalum wa USB na programu kama Clonezilla, ambayo ni ya bure. Kwa njia hii SSD isiwe ndogo kuliko diski ya zamani. Ya pili ni kuweka programu upya na kurudisha faili kutoka kwenye flashi. Hii ni ndefu zaidi, lakini inaondoa takataka za miaka mingi, na ndiyo nzuri zaidi kama mashine ilikuwa na virusi.

Mkifika nyumbani, rudieni kile kipimo cha karatasi. Linganisheni namba za zamani na mpya, muwasomee wanachama kwenye mkutano.

DISKI YA ZAMANI MSIIACHE KWA FUNDI

Ndani ya diski hiyo mna majina ya wanachama, namba za vitambulisho, namba za simu, na nani anadaiwa nini. Kufuta faili kwa kawaida hakuziondoi. Mtu mwenye ujuzi anaweza kuzirudisha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na habari za watu mlizopewa ni amana.

Kama diski bado ni nzima, inunulieni kasha dogo la USB, iwe ya kuhifadhi nakala, ifungiwe kabatini. Kama ni mbovu, ifungeni ndani ya gunia na kuiponda kwa nyundo. Gunia ni la lazima, maana sahani nyingine ni za kioo. Msiichome moto, moshi wake ni sumu.

MAHALI AMBAPO DAWA HII HAIFAI

Laptopu nyingine nyembamba zina RAM iliyoganda kwenye bodi, haitoki wala haiongezwi. Nyingine ndogo za bei nafuu hata diski imeganda. Bodi ikiwa imeungua, au bawaba na kioo vimevunjika pamoja, hesabuni gharama zote kwanza. Labda kununua ingine ndiyo nafuu.

Tena, kuongeza kasi hakuongezi ulinzi. Windows 10 iliacha kupewa masahihisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za umri wa EliteBook tuliyoitaja hazikubaliki kwa Windows 11. Kikundi kinaweza kuhamia Linux Mint, ambayo ni ya bure na inakwenda vizuri kwenye GB 4 za RAM, pamoja na LibreOffice ya kuandikia hesabu. Katibu atahitaji wiki chache kuizoea.

Na SSD nayo hufa, saa ingine bila hata kulia ka-ka-ka. Kwa hivyo zile flashi mbili zijazwe upya kila baada ya mkutano.

Na yule mama wa sokoni? Fundi alipopima alikuta RAM ya GB 4 na diski iliyochoka. Kikundi kilinunua SSD na kipande kimoja cha RAM, akiba iliyobaki ikarudi kwenye mikopo. Mkutano uliofuata, faili lilifunguka kabla mwenyekiti hajamaliza kusalimia watu, na mama wa karo akasomewa salio lake mbele ya wote.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Laptopu yetu inachukua dakika ngapi kuwaka? Nani atapima?

2. Ikiibiwa usiku wa leo, hesabu zetu tutazipata wapi?

3. Nani katika kikundi anajua kutumia mashine hii mbali na katibu? Kama hakuna, tutamfundisha nani, na kuanzia lini?

4. Kuna kitu gani kingine cha kikundi tunachotaka kununua kipya, na bado hatujauliza kimezeeka wapi?