SOMO LA ROBO HII: BEJI INAYOSOMA TAA



Usharika mmoja ulituletea andiko la mradi wa kituo chake cha wazee. Mzee mmoja aliyepungukiwa kumbukumbu alikuwa ametoka kitandani usiku mara mbili, akakutwa ameanguka bafuni. Kamati iliomba beji zenye vitambuzi vya mwanga, ili mhudumu aone kwenye kompyuta mzee yuko chumba gani. Tukaona vema tujifunze kwanza, ndipo tumwandikie mfadhili.

Kwa nini mwanga? Mawimbi ya setilaiti yanayoongoza magari hufifia ndani ya nyumba. Mwanga nao hauvuki ukuta, hivyo ukipokelewa chumbani umetoka chumbani humo. Huko Cambridge, Uingereza, Roy Want, Andy Hopper na wenzao walieleza mwaka 1992 beji iliyotoa, kila sekunde 15, mwale usioonekana kwa macho, kama wa rimoti ya televisheni. Kipokezi cha chumbani kiliunasa.

Mfumo ulioombwa ni kinyume: taa ndiyo hutuma. Taa za LED huwaka na kufifia kwa kasi ambayo jicho haliioni, kila moja kwa namba yake. Kitambuzi cha beji husoma namba hiyo, kisha beji huituma kwa redio. Mwaka 2015 duka la Carrefour mjini Lille, Ufaransa, lilianza kuwaongoza wateja kwa taa za namna hii, kamera ya simu ikiwa ndiyo kitambuzi.

Duka lakini huwasha taa wakati wote wa kazi. Mzee wetu huamka saa nane usiku, taa zimezimwa ili wenzake walale. Taa ikizimwa, hakuna namba ya kusoma. Umeme ukikatika ni vivyo hivyo, na hata shuka likifunika beji.

Tulipofika kituoni, mama mhudumu wa usiku alituuliza, "Nikishajua yuko bafuni, nani atabaki na hawa wengine?" Alikuwa zamu peke yake. Swali hilo halikuwamo katika andiko, na sisi wenyewe tulikuwa tumelisoma bila kuligundua. Wala mzee na familia yake hawakuwa wameulizwa kama wanakubali afuatiliwe.

Andiko limeandikwa upya: mhudumu wa pili wa usiku, vishikio bafuni, kengele mlangoni na taa ndogo ya betri. Beji tumeziondoa kwa sasa.

Kamati yenye ombi la aina hii ilete pia orodha ya zamu za usiku na saa za kuzima taa.