Dumuzi, Mharibifu wa Mahindi, na Adui Yake

Watu wa Unyamwezi wajua tangu kale kwamba njia iletayo mali yaweza kuleta na madhara. Katika njia ya misafara, toka Bagamoyo kupitia Tabora hata Ujiji, zilipita nguo na pembe, yakapita na maradhi. Miaka ya 1970 ilipokuwa ikiisha, akaonekana mkoani Tabora mgeni mwingine: dumuzi, ambaye wengine humwita Scania. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Toka Tabora alisafiri na magunia ya mahindi, akaenea nchi nyingi.

Yafaa mkulima ajue maisha yake. Ni mdudu wa kahawia, urefu wake milimita 3 au 4, kichwa kimeinama hata hakionekani kwa juu. Jike hutoboa punje, akachimba vijia vya kando, na humo hutaga mayai. Yai huangua buu mweupe. Buu hula, hujivua ngozi, kisha hutulia pasipo kula, na mwisho hutoka mdudu kamili. Penye joto na unyevu wa kutosha, yote hayo hutimia kwa siku 27 hivi. Basi aachaye kihenge miezi mitatu bila kukitazama aweza kukuta vizazi vitatu, na mahindi yamekuwa vumbi.

Dumuzi hustawi zaidi katika mahindi yaliyo kwenye magunzi, maana punje zilizoshikana humpa pa kujitegemeza atoboapo. Kwa hiyo kausha mahindi vema, uyapukuchue, uyachanganye na dawa ya unga iliyoandikwa kuwa yaua dumuzi na fukusi pia, kwa kipimo cha pakiti. Dawa iuayo fukusi peke yake haimtoshi dumuzi. Tena huishi ndani ya miti mikavu. Chunguza nguzo za ghala, na zilizotobolewa uzichome.

Anaye na adui. Ni mdudu mdogo mweusi, Teretrius nigrescens, atokaye kwao huko huko. Dume la dumuzi hutoa harufu ya kuwaita wenziwe. Adui huifuata harufu hiyo, naye pamoja na mabuu yake hula mayai na mabuu ya dumuzi. Alifunguliwa Togo mwaka 1991, na Kenya mwaka 1992. Lakini huzaa polepole kuliko dumuzi. Husaidia, wala hatoshi peke yake.

Basi, mkulima, usimwachie mdudu kazi yako. Chakula cha watoto hulindwa siku ya kukiweka ghalani, si siku ya njaa.