Kidole Kinaponasa Baada ya Kupasuliwa Mkono



Tumepata barua kutoka Kipalapala, nje ya mji wa Tabora. Mwandishi wake ni mwenzetu aliyechuma karafuu nasi miaka mingi, kisha akarejea kwa jamaa zake, katika nchi ile ambayo Wanyamwezi wa zamani walitoka na misafara kushuka pwani, na wengine wakavuka bahari kuja kupalilia mashamba yetu. Asema alipasuliwa kifundo cha mkono kwa sababu ya ganzi iliyokuwa ikimwamsha usiku. Ganzi imekwisha, lakini baada ya miezi mitatu dole gumba limeanza kunasa. Akilikunja, halikunjuki mpaka alivute kwa mkono wa pili. Auliza: "Je, nimekatwa ukano? Ndiyo basi, sitachambua tena karafuu?" Kwa kuwa sote twaishi kwa mikono yetu, yafaa jibu lisomwe na wote.

Kwanza tufahamu umbo la kifundo. Upande wa kiganja mna njia nyembamba, chini na pembeni ni mifupa, na juu yake ni utepe mgumu. Ndani hupita kano 9 zikunjazo vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Nafasi ikipungua mshipa hubanwa, na hapo ndipo ganzi hutokea. Daktari hukata utepe ule, wala si kano, ili mshipa upate nafasi.

Basi kwa nini kidole kinase? Utepe ule ulizishika kano zikae mahali pake. Ukikatwa, kano huinuka kidogo mtu akunjapo vidole, na mvuto wake hubadilika. Penye shina la kila kidole pana kitu kama pete, na ukano hupita humo kama kamba ya tanga ipitavyo katika kapi. Ukisuguana na pete huvimba, na uvimbe ukifika penye pete, hunasa. Wataalamu wengi hutaja sababu hiyo. Tena, watu wenye ganzi ya kifundo, hasa wenye kisukari, huwa wepesi kupata maradhi haya hata bila kupasuliwa. Kwa hiyo kunasa si dalili kwamba daktari aliharibu kazi.

Mambo ya kufanya ni haya:

1. Pumzisha kidole. Kuchambua karafuu, kukamua nguo na kushika panga kwa nguvu hukaza ukano pale pale penye pete. Waachie wengine kwa muda.

2. Usikivute kwa nguvu kila kinaponasa. Kikunjue polepole, na asubuhi kichovye katika maji ya vuguvugu.

3. Rudi kwa daktari. Aweza kukufunga kigango ili kidole kikae kimenyooka, au kukudunga sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe penye shina la kidole. Mwenye kisukari amwambie kabla, kwa maana sindano hiyo hupandisha sukari kwa siku kadhaa.

4. Kisipopona, pete hukatwa kwa upasuaji mdogo, mara nyingi mgonjwa akiwa macho, na kidole huanza kuchezeshwa mapema.

Lakini yako mambo yasiyongojea. Ncha ya kidole ikishindwa ghafla kukunjika kabisa, huenda ukano umekatika. Kovu likiwa jekundu, likitoka usaha, au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ganzi ikirudi, usinyamaze.

Maumivu ya kiganja kando ya kovu, na udhaifu wa kushika, ni jambo la kawaida kwa miezi ya kwanza, nayo hupungua taratibu.

Mwenzetu tumemjibu aende hospitali ya Kitete, Tabora, wala asikate tamaa. Nanyi mlio visiwani, msingoje msimu upite. Kidole kinachokaa kimekunjwa muda mrefu hukakamaa, na kukirudisha huwa kazi kubwa kuliko kukitibu mapema.