Msitu na ngome bila kwenda Ufaransa

*Nimeona picha za watu wakitembea misituni Ufaransa hadi kwenye makasri. Sisi wa Tunduma tuanzie wapi? Naogopa kupotea.*
*Msomaji, Tunduma*

Hofu yako ina msingi. Kule njia ndefu zimepakwa alama nyeupe na nyekundu mitini na maweni, ndiyo maana mtu anaweza kwenda peke yake. Kwetu kazi hiyo hufanywa na mwenyeji, hivyo mlipe akuongoze. Anza na Ziwa Ngozi, Mbeya: msitu mnene, kisha kreta. Utasema hakuna kasri. Lakini Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, pana magofu ya ngome ya Wajerumani, Bismarckburg, na maporomoko ya Kalambo, zaidi ya mita 200, hayako mbali. Nenda kiangazi, kwani mvua hutelezesha miteremko.