Mafuta Huishia Kwenye Breki

Dereva yeyote wa Uganda anaikumbuka Januari 2022. Madereva wa malori waligoma mpakani Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya lazima vya Korona, sheli zikakauka ndani ya siku chache, na katika baadhi ya maeneo lita ya petroli ikauzwa shilingi 10,000 na zaidi. Bei ilirudi chini baadaye, lakini mpango ni uleule: kila lita inayochomwa kati ya Misiera, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na Mbarara imeshushwa kwanza kwenye bandari ya Bahari ya Hindi, na dereva hana usemi juu ya bei yake. Usemi wake uko kwenye namna anavyoitumia. Hapo ushauri unaosikika kila mahali ni mmoja, kanyaga moto polepole. Sio ushauri mbaya, ila unatazama pedali isiyohusika sana. Mimi nasema mafuta mengi hupotelea kwenye breki, na anayetaka kubana matumizi ahesabu mara anazofunga breki kabla ya kuhesabu kitu kingine chochote.

Tupige hesabu. Gari aina ya Noah au Ipsum ikiwa na abiria na mizigo yao ina uzito wa kilo 1,800 hivi. Kuifikisha kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa kunahitaji nishati fulani, na kwa kuwa injini ya petroli hupeleka kwenye magurudumu takriban robo tu ya kilichomo ndani ya mafuta (kilichobaki hutoka kama joto kwenye rejeta na bomba la moshi), kazi hiyo inakula mililita 50 hivi. Lita ikiwa shilingi 5,000, hizo ni shilingi 250. Sasa ng'ombe wa Ankole, na pembe zao hizo, wanavuka barabara bila haraka yoyote, dereva aliyekuwa na 80 anafunga breki mpaka gari inasimama. Zile shilingi 250 zimegeuka joto kwenye diski na pedi, na atalipa nyingine 250 kurudi pale alipokuwa. Breki ishirini za namna hiyo ni lita nzima. Njia ya kwetu, kwa matuta yake kwenye kila senta, malori ya matoke yanayopanda kilima kwa mwendo wa mguu na boda wanaochomoka pembeni, inatoa nafasi ya kufunga hizo ishirini kabla ya kufika mjini.

Kinga yake ni macho. Anayetazama mita mia mbili au tatu mbele anaona vumbi la mifugo, anaona kundi la watu kwenye senta, anajua tuta liko karibu. Anaondoa mguu kwenye moto mapema na kuiacha gari ijipunguze yenyewe ikiwa ndani ya gia. Akifika kwenye tuta yuko tayari kwenye kilomita 20, breki ameigusa tu. Na jambo wasiloamini wengi: gari yenye injekta, yaani karibu Toyota zote za miaka ishirini na mitano iliyopita, ikitembea ndani ya gia bila mguu kwenye moto, kompyuta yake hufunga mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kwa sekunde hizo unasafiri bure.

Najua hapa nitapingwa, maana desturi ya barabara zetu ni kuitoa gari kwenye gia mlima ukianza kushuka. Wanaoitetea wana kitu: gari isiyo kwenye gia huteleza mbali zaidi, na kwenye mteremko mdogo ulionyooka tofauti inaweza kuwa upande wao. Kwa injini ya kabureta, kama pikipiki nyingi za boda, hoja yangu ya kompyuta haipo kabisa. Lakini milima ya Isingiro kwenye njia yetu sio miteremko midogo. Gari iliyotolewa kwenye gia pale inaongeza kasi mpaka dereva analazimika kuibana kwa breki, huku injini ikiendelea kunywa mafuta ili tu isizime. Analipa mara mbili kwa mteremko aliopewa bure. Wanaozima injini kabisa siwajadili sana. Usukani wao unakuwa mzito, na breki ikikanyagwa mara chache bila injini inakuwa ngumu kama jiwe, tena kukiwa na watu nyuma.

Pingamizi zito zaidi ni la muda. Anayewahi ndiye anayepata abiria, na gari ya biashara haiendeshwi kama ya harusi. Sawa, tuupime huo muda. Kwenye kilomita 30 za lami, mwendo wa 100 unachukua dakika 18, na mwendo wa 80 unachukua dakika 22 na nusu, hiyo ikiwa barabara ni tupu, nayo si tupu kamwe. Tofauti halisi ni dakika tatu au nne. Kwa upande wa mafuta, upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 kwenda 100 unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Vipimo vya wizara ya nishati ya Marekani vinaonyesha kwamba matumizi huanza kupanda haraka baada ya kilomita 80 kwa saa, na kwamba kuendesha kwa fujo, kule kukanyaga na kufunga, hupunguza kilomita unazopata kwa lita kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu. Mwenye haraka ya kweli angeokoa dakika hizo nne kwenye stendi, anapokaa injini ikinguruma akisubiri abiria wa mwisho. Kuizima na kuiwasha tena ni nafuu kuliko kuiacha ingurume zaidi ya nusu dakika.

Mzigo una ukweli wa pande mbili. Kilo 50 zaidi hupandisha matumizi kwa asilimia moja hivi, lakini ukigawanya mafuta kwa vichwa, gari iliyojaa ni nafuu kuliko iliyo nusu, kwa hiyo simlaumu mtu kwa kujaza viti vyake. Namlaumu kwa keria tupu inayokaa juu mwaka mzima ikikata upepo, na kwa upepo wa tairi usiopimwa. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na hupimwa asubuhi tairi zikiwa baridi. Wapo wanaozilegeza kwa ajili ya barabara ya vumbi ndani ya makazi ya Nakivale, na kwa mashimo yale wana haki yao. Tatizo ni kwamba wakifika kwenye lami hawazijazi tena. Waliovaa tairi kubwa kuliko za kiwandani ili gari iinuke wajue pia kwamba mita yao inahesabu kilomita pungufu, hivyo gari inaonekana inakunywa zaidi ya inavyokunywa kweli.

Kwa upande wa vifaa, kimoja kinanikera kuliko vyote: themostati iliyotolewa. Injini ikichemka, mafundi wengi hung'oa themostati na kutangaza kwamba ugonjwa umepona. Kazi ya kifaa hicho kidogo ni kuzuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Bila hicho, asubuhi za Mbarara, kwenye mita 1,400 na ushee juu ya bahari, injini hutembea muda mrefu ikiwa baridi, na kompyuta ikidhani gari imewashwa sasa hivi inaendelea kuongeza petroli. Ukiona mshale wa joto hautaki kufika katikati, mafuta yako yanaenda huko. Chanzo cha kuchemka mara nyingi huwa rejeta iliyoziba au feni, na hicho bado kipo. Taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi nayo si pambo. Sensa ya oksijeni iliyokufa inaweza kupandisha matumizi sana. Kisha kagua magurudumu. Ukisimama baada ya safari, sogeza kiganja karibu na rimu moja baada ya nyingine bila kuigusa. Inayochoma kuliko wenzake ina breki iliyoshika, na gari imekuwa ikiburuta safari nzima.

Filta ya hewa ni hadithi nyingine. Wengi huipuliza ili kuokoa mafuta, ila kwenye gari ya injekta kompyuta hupunguza petroli hewa ikipungua. Filta chafu inakunyima nguvu, matumizi hayabadiliki sana. Ibadilishe kwa sababu ya vumbi, ambalo likipenya linasaga injini. Na vile vidude vya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari, au sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, mara nyingi ndani hamna zaidi ya taa ndogo na ahadi.

Linabaki swali la nani ananunua. Gari nyingi za njia hii si za dereva. Mwenye gari anapokea hesabu yake ya siku, dereva ananunua mafuta, na kwa hiyo mwenye gari hasikii uchungu wa themostati isiyokuwepo, naye dereva haoni sababu ya kununua kifaa cha gari ya mtu. Hapo daftari linasaidia kuliko ugomvi. Jaza tenki mpaka juu, andika kilomita, tembea kama kawaida, rudi sheli ileile ujaze tena mpaka juu, gawanya kilomita kwa lita. Mafuta ya chupa ya kando ya barabara hayaingii kwenye hesabu hii kwa kuwa chupa haina kipimo cha kuaminika. Fanya hivyo kwa wiki kadhaa, peleka ukurasa huo kwa mwenye gari, na mzungumzie themostati na tairi mkiwa na namba mbele yenu. Akikataa, nunua kipima upepo chako mwenyewe, kinachokaa mfukoni na kuhama nawe ukibadilisha gari.