Mtambue Nyuki kwa Mzigo Wake

Umande ukishakauka, kama saa tatu asubuhi hivi, vuta kigoda ukae mbele ya mche mmoja wa kivumbasi uliochanua. Mmoja tu. Anayezungukazunguka bustanini huona wadudu wakiruka. Aliyetulia robo saa huona nyuki wakifanya kazi, na kazi ndiyo itakayokuambia ni nyuki gani.

Wengi wetu tukisikia nyuki tunawaza mzinga, asali na kuumwa. Lakini duniani zinajulikana aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na nyingi kati yake hazina mzinga wala malkia. Kila jike hujitafutia tundu lake, hulijazia chakula cha mwanawe, hutaga yai, hufunga mlango na kuondoka. Hao ndio nyuki wapweke. Bustani yenye mbaazi, biringanya na mrehani ni nadra kuwakosa.

Kwanza hakikisha ni nyuki kweli, maana kuna nzi wenye mistari ile ile ya njano na nyeusi. Nzi ana mabawa mawili na papasi fupi mno; nyuki ana mabawa manne, na papasi zake ni ndefu, zimepinda kama kiwiko. Nyigu naye ana kiuno chembamba, mwili unang'aa, na manyoya hana au anayo machache.

Sasa tazama mzigo. Rangi iache kwanza, kwa sababu inadanganya: katika baadhi ya duduvule, wale nyuki wakubwa wanaotoboa mbao, jike ni mweusi mwenye mikanda myeupe au ya njano, na dume amefunikwa manyoya ya dhahabu mwili mzima. Watu huapa kwamba ni wadudu wawili tofauti. Chavua haidanganyi hivyo. Nyuki wa mzinga huilowanisha akaibandika kwenye miguu ya nyuma, ikawa donge linalong'aa. Nyuki wapweke wengi huibeba kavu, imetapakaa kwenye manyoya ya miguu kama unga kwenye mikono ya mpika maandazi. Ukimwona aliyebeba unga huo chini ya tumbo badala ya miguuni, yaelekea umempata mkata majani, ambaye wataalamu humwita Megachile. Asiye na mzigo kabisa huenda ni dume, au ni jike wa wale wanaotaga kwenye matundu ya wenzao.

Mkata majani unaweza kumtambua hata akiwa hayupo. Angalia majani ya mbaazi na ya mawaridi: kiwavi hula ovyo, yeye hukata mviringo safi ukingoni kana kwamba ametumia mkasi. Siku moja nilimfuata mmoja kwa macho. Alitua ukingoni mwa jani, akalibana kwa miguu, akazunguka huku taya zikikata, na sekunde chache baadaye akaruka na kipande kimekunjwa chini ya tumbo. Aliingia kwenye mpira wa maji niliouacha ukining'inia ukutani. Ndani vipande virefu vya majani vilikuwa vimeviringishwa kama sigara, na kila chumba kimezibwa kwa vipande vya duara. Mpira ule niliuacha hapo hapo hadi watoto walipotoka.

Kwenye ua la biringanya tumia masikio. Chavua yake imefungiwa ndani ya vifuko vyenye vitundu vidogo nchani, na haitoki mpaka itikiswe. Duduvule hulikumbatia ua, akatetemesha misuli ya kifua, na mvumo wake ukapanda ghafla ukawa mkali, wa vipindi vifupi. Nyuki wa mzinga hajui kufanya hivyo. Utafiti uliofanyika Nguruman, Kajiado, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba biringanya za huko zinawategemea hasa duduvule na nyuki mdogo wa porini. Mvumo kama huo utausikia pia kwa Amegilla, nyuki mnene mwenye mikanda tumboni, mara nyingi ya samawati au myeupe, anayeelea mbele ya ua kisha akachomoka kama mshale.

Huyo Amegilla mpige picha jioni. Madume hulala nje, wameng'ata bua la nyasi kwa taya, mara nyingine wakiwa wamepangana kadhaa, na hawakimbii. Piga ubavuni, mgongoni na usoni, kisha andika saa na jina la ua. Ukipandisha picha kwenye programu ya iNaturalist, wajuzi watakusaidia. Usilazimishe kupata jina la aina kamili. Nyingi hazitambuliki bila hadubini, na kulijua kundi kunatosha kabisa.

Mwisho tafuta milango yao. Kitundu kimoja ardhini chenye kichuguu cha vumbi pembeni, bila msururu wa sisimizi, huenda ni nyumba ya nyuki. Waachie kipande cha ardhi kikavu kisichopigwa jembe wala saruji. Tundu la duara kwenye boriti, lenye unga wa mbao chini yake, ni la duduvule.

Jirani yangu alimimina mafuta ya taa kwenye matundu yote ya banda lake. Msimu uliofuata mpasheni wake wa njano ulichanua sana bila kuzaa, akaukata akisema ni dume. Haukuwa dume. Pasheni ya njano haizai kwa chavua yake yenyewe, na anayeileta kutoka mche mwingine hasa ni duduvule. Kama unahofia boriti zako, zipake rangi, kisha funga gogo kavu la mti laini pembeni ya banda ili apate pa kuhamia.